Mkonge, Karatasi na Deni la Udongo

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliofanya kazi mashambani, wakulima wadogo wa mkonge, na nyinyi wanafunzi wa kilimo: nashukuru kwa kupewa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie mkonge kama zao linaloweza kutupatia karatasi, kulinda ardhi na hata kuchangia chakula. Nitayagusa yote matatu, lakini mzigo wa maneno yangu utaelemea upande wa udongo, kwa kuwa huko ndiko tulikokosea kwa muda mrefu kuliko kwingine.

Neno katani, jina jingine la mkonge, ni ndugu wa kitani, na yote mawili yana asili ya Kiarabu. Mmea wenyewe, hata hivyo, ni mzaliwa wa Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikasafirishwa kupitia Hamburg, na iliyofika pwani ya Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Katika miche hiyo michache ndimo ulimoanzia mkonge wa Tanganyika, ukaenea Pangani, Muheza, Korogwe na hadi Morogoro na Kilosa, ukilimwa kwa jasho la manamba, yaani vibarua wa mkataba, waliotoka Kigoma, Songea na hata Burundi, hadi mwaka 1964 nchi ilipozalisha tani zipatazo 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge. Kilichofuata mnakifahamu: kamba za plastiki zitokanazo na mafuta ya petroli zilishika soko, bei ikaporomoka, na mashamba mengi hayakupandwa upya.

Tukizungumzia kuporomoka huko, mara nyingi tunataja bei na utaifishaji wa mwaka 1967, tukausahau udongo. Naomba tutazame kinachotendeka korona, yaani kwenye mashine inayosaga majani ili kutoa singa. Katika kila kilo 100 za majani mabichi, singa kavu ni kilo 3 hadi 5 tu. Kinachobaki ni maji na nyama ya jani, ambayo kwa miaka mingi ilisombwa na maji ya mashine na kutupwa mabondeni, na nyingine ikaishia mitoni, ikichafua maji ambayo watu wanaoishi chini ya mto wanayatumia. Katika nyama hiyo ya jani ndimo ilimo sehemu kubwa ya chokaa na potasi ambayo mizizi imeifyonza ardhini. Mkonge hula chokaa kwa wingi kuliko mazao yetu mengi. Kwa hiyo shamba linalokatwa mwaka hadi mwaka bila kurudishiwa kitu linakuwa kama ghala linalotolewa magunia kila siku na haliingizwi hata debe moja. Watafiti waliofanya kazi Mlingano, kituo cha utafiti wa kilimo mkoani Tanga, wakilinganisha udongo wa mashamba makongwe na vipimo vya zamani, walikuta tindikali imeongezeka na rutuba imeshuka. Mkulima hahitaji maabara ili kulitambua tatizo hili: potasi inapopungua, jani hunyauka karibu na shina, likalegea na kuanguka kabla ya wakati wake.

Hivyo, mtu anaponiambia kwamba mkonge unahifadhi ardhi, humjibu kwamba inategemea umepandwa vipi. Ukipandwa kwa kufuata kontua, yaani mistari inayokingama mteremko, mistari yake huzuia maji ya mvua na kukamata udongo unaoteremka. Tena ni mmea unaostahimili ukame kwa namna ya ajabu, kwani vitundu vya majani yake hufunguka usiku, jua likiwa limezama, hivyo hupoteza maji kidogo. Lakini nafasi pana kati ya mistari zikiachwa tupu, mvua ya masika itazichimba. Panafaa kupandwa mikunde inayotambaa, au maharage na mahindi wakati mkonge ungali mchanga, kama wanavyofanya wakulima wadogo wengi. Hapo ndipo chakula kinapopatikana moja kwa moja.

Chakula kingine kinatoka kwenye mabaki yenyewe. Wataalamu wetu wamekwisha kuotesha uyoga juu ya mabaki ya mkonge, na mabaki hayo yanaweza kuvundikwa yakawa lishe ya ng'ombe.

Kuhusu karatasi, nitasema kwa tahadhari, maana ahadi ni nyingi. Singa za mkonge hutoa karatasi ngumu kuchanika, ndiyo maana hutumika katika karatasi maalumu, kama zile za kuchujia na za vifuko vya majani ya chai. Sioni busara kuutumia mkonge kwa madaftari, ambayo msonobari wa Mufindi unaweza kuyatosheleza. Nafasi yake iko katika kuiimarisha karatasi iliyokwisha kutumika na kusagwa upya, kwa sababu nyuzi za karatasi hufupika kila zinaposagwa na huhitaji nyuzi ndefu za kuzishikilia. Kazi hiyo haihitaji singa za daraja la kwanza: zile fupi zinazosalia korona na kwenye brashi, mashine ya kusafishia singa kavu, zinafaa.

Mwaka 2008, pale Hale mkoani Tanga, ulizinduliwa mtambo wa kuzalisha gesi kutokana na mabaki ya mkonge na kuendesha jenereta ya umeme. Wengi walisifu umeme, nami nausifu; ila kilichonivutia zaidi ni tope linalobaki baada ya gesi kutoka, kwa sababu chokaa na potasi haziondoki na gesi. Tope hilo likirudishwa shambani, ardhi imelipwa sehemu ya deni lake.

Kwa mkulima wa ekari 5 asiye na mtambo, njia ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Gari linalopeleka majani korona lisirudi tupu. Lirudi na mabaki, yakarundikwa kando ya shamba hadi yaoze na ukali wake upungue, kisha yatandazwe kati ya mistari kabla ya mvua. Tatizo ni mikataba: mingi hupima singa peke yake, na mabaki hayatajwi kuwa mali ya nani. Naomba vyama vya ushirika vilivyo hapa viliweke jambo hilo katika maandishi kabla ya msimu ujao wa kukata, kwa kuwa mabaki hayo yametoka katika udongo wa mkulima.