Kadi ya Chama Haipimi Damu

Mhadhara kwa wanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa mwisho, Dodoma

Marahaba, marahaba. Kaeni.

Kila mwaka naulizwa: "Mama, nikijiunga na chama nitapata nini?" Mnamaanisha mshahara. Haupandi. Hakuna ofisa utumishi atakayekupandisha daraja kwa sababu una kadi ya TANNA, chama chetu cha wauguzi. Leseni nayo msiichanganye humo: hiyo ni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, ni sheria, si hiari. Posho ikichelewa, nenda chama cha wafanyakazi. Ni vitu vitatu tu, na kuna watu wana miaka ishirini kazini bado vinawachanganya!

Mimi mwenyewe nililipa ada miaka sita, nikaambulia fulana ya Mei 12, Siku ya Wauguzi. Nilinung'unika wodi nzima ikanijua. Mwaka wa saba nikaenda mkutanoni. Mada sikumbuki hata moja. Nakumbuka foleni ya chai. Mbele yangu mkunga kutoka Mbeya, chapati mkononi, akaniuliza: "Kwenu mama akishajifungua, damu mnaipimaje?" Nikamjibu, kwa macho. Akacheka, na si kwa wema. Kwetu tulikuwa tunaandika "damu kidogo", "damu ya wastani". Kidogo ya nani? Wao walikuwa na mizani ya jikoni, ile ya kupimia unga. Unapima pedi na vitambaa vikiwa vikavu, unapima tena vikilowa, unatoa. Gramu moja ni kama mililita moja. Ikifika 500, hungoji, unaita watu.

Nikarudi, nikanunua mizani soko la Majengo kwa hela yangu. Wenzangu wakasema nafungua mgahawa. Wiki ya pili, zamu ya usiku, mama mmoja tulishamwandikia "kidogo". Nikaweka vitambaa kwenye mizani, nikatoa uzito wa vikavu: 620. Alitoka siku ya nne, mtoto mgongoni. Mgahawa ukafungwa hapo.

Mtasema, si ungeyasoma kwenye simu? Hiyo 500 nilifundishwa chuoni, jamani! Sikufundishwa kwenda Majengo.

Sasa hizi jumuiya za heshima za ng'ambo mnazotumiwa barua pepe. Sigma Theta Tau ni ya kweli. Wanafunzi sita wa uuguzi waliianzisha Indiana, Marekani, mwaka 1922, na mwanafunzi hualikwa kwa ufaulu wake. Lakini anayekusifu bila kujua hata alama zako, halafu anataka dola kabla ya saa sita usiku, huyo mwachie sifa zake. Na hata ile ya kweli, ukiomba uzamili nje watakuelewa. Ukiomba kazi Kongwa watakuuliza kama unaweza zamu za usiku.

Nilikuwa na la uchaguzi wa matawi, na la wakunga na chama chao, ila mshereheshaji ananionyesha saa. Haya, swali moja. Wewe wa nyuma, mwenye sweta. Kama ni ada shilingi ngapi, kaa.