Mteja Wako Akiudhika, Humtuma Nani?

Ndugu zangu, hili nimelisema mara nyingi na leo nalirudia, maana kila muhula swali ni lile lile: mshauri na mteja wakiwa makabila mbalimbali, tiba ya mazungumzo itafaa kitu?

Mimi nauliza kwanza: kwao mteja wako watu hugombana vipi? Hupatana vipi?

Twendeni Rakai na Masaka, Uganda, kwenye utafiti uliotolewa mwaka 2003. Vijiji 30, UKIMWI umewamaliza watu. Wenyeji walikuwa na jina lao la sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito: yo'kwekyawa, yaani mtu kujichukia mwenyewe. Ikapelekwa tiba ya mahusiano, inayotibu sonona kwa kutengeneza mambo kati ya mtu na wenzake, waliyoiasisi watafiti Klerman na Weissman kule Marekani. Kwa Wamarekani, mke mwenye kinyongo hufundishwa kumwambia mumewe kinagaubaga. Masaka mke hasemi hivyo. Hupika chakula kibaya makusudi, na mume anaelewa! Basi waandaaji wakakaa na wenyeji, wakatafuta njia ambazo mtu wa pale anaweza kweli kuzitumia. Wanawake wakakaa na wanawake, wanaume na wanaume, na viongozi wa vikundi wakawa wenyeji wasio matabibu, waliofundishwa wiki mbili tu.

Wiki 16. Kabla ya hapo asilimia 86 ya waliopewa tiba walikuwa na sonona; mwishoni wakabaki asilimia 6.5. Kwenye vijiji ambavyo havikupata, asilimia 54.7 walikuwa nayo bado.

Najua kuna anayewaza, "Si unaona? Mganda alitibiwa na Mganda." Hapana, usikimbilie huko! Mwaka 2011 watafiti Cabral na Smith walikusanya tafiti nyingi kuhusu jambo hili. Wateja hupenda sana kupewa mshauri wa asili yao, na humwamini zaidi kidogo. Lakini kupona? Tofauti ilikuwa karibu na sifuri. Kabila humfungulia mteja mlango, halafu kazi inabaki pale pale.

Na sisi wa pwani tunajua haya tangu utotoni. Wifi akikuudhi hufungui mdomo, unajifunga kanga yenye maneno yake na kupita mbele yake. Jambo likikushinda unamwendea shangazi au somo wako, yule mama aliyekufunda, naye anakwenda kusema. Halafu wewe mshauri umwambie binti wa huku, "Kamkabili wifi yako." Akirudi nyumbani akafanya hivyo, umemwongezea ugomvi wa pili juu ya ule wa kwanza. Nimewaona waliopelekwa hivyo. Wawili hawakurudi tena kwenye ushauri, na siwalaumu.

Nilitaka kusema juu ya lugha pia, na juu ya wakimbizi wanaosimulia machungu yao kupitia mkalimani, lakini naonyeshwa saa. Nawaachia kazi moja. Kesho mteja akikaa mbele yako, kabla hujafungua fomu, muulize: "Kwenu mtu akiudhika, humtuma nani?" Andika jina atakalotaja.