Paka mwenye mafua asiposikia harufu, hali chakula

Haya jamani, wa nyuma sogeeni, hili feni linapiga kelele. Naanza na pua, maana watu wakiona paka ana kamasi na tongotongo wanakimbilia kutafuta dawa, kumbe balaa la kwanza ni kwamba hasikii harufu, na paka asiposikia harufu hali, hata umletee samaki wa soko la Feri aliyevuliwa leo atamwangalia tu arudi kulala. Akikaa siku mbili tatu hajala, hasa yule mnene, mafuta yanajaa kwenye ini, ini linagoma, na hapo mafua yanaisha lakini ini ndo linamuua.

Kwaiyo chukua pamba na maji ya uvuguvugu, loanisha lile gamba la kamasi mpaka lilainike lenyewe, usilibandue kavu utamchubua. Macho vilevile, kila jicho na pamba yake. Halafu kaa naye bafuni, mlango umefungwa, ndoo ya maji ya moto iwe mahali asipofikia, dakika kumi hivi mvuke umfungue pua. Humo usiweke Vicks wala mafuta ya mikaratusi, kwa paka ni sumu. Akitoka hapo hapo mpe samaki wa kuchemsha, umetoa miba, umemponda na supu yake, bila chumvi, bila kitunguu maji wala saumu, na awe wa vuguvugu ndo harufu inapanda. Ukiona anaramba mara moja anaruka nyuma, mtazame ulimi, virusi vya kalisi, aina mojawapo ya virusi vya mafua ya paka, vinaleta vidonda mdomoni, huyo mlainishie mpaka iwe kama uji.

Sasa Panadol. Nawaomba sana, hapana, hata robo, hata ile ya maji ya watoto. Ini la paka haliwezi kuivunja, damu inaharibika, fizi zinageuka kahawia, uso unavimba, anakufa. Inaniuma kwa sababu anayempa ni mtu anayempenda. Na Amoxil iliyobaki kabatini iacheni, mafua mengi ya paka ni virusi, herpesi au hiyo kalisi, antibayotiki haiviui, daktari wa mifugo ndo ataamua kama bakteria nao wameingia. Dawa ya mbu ya kuchoma, udi, jiko la mkaa, vyote mbali naye.

Mama pale ameuliza kuhusu watoto: virusi hivi haviwapati binadamu, cheza naye tu. Ila paka wenzake watamfuata, mtenge, vyombo vyake peke yake, sakafu piga Jik iliyochanganywa na maji mengi, ikauke kabla hajarudi kukanyaga.

Na paka anayehema mdomo wazi, au fizi zimepauka, au siku nzima hajagusa chakula, au kitoto kilichoacha kunyonya, msisubiri kesho. Mtie kwenye kapu lenye mfuniko, lifunge vizuri maana bajaji haina milango, mpeleke kwa daktari.