Juu Yake Kuna Maji Kiasi Gani?

Waheshimiwa walimu, mabaharia wenzangu, na ninyi wanafunzi mnaosomea unahodha, habari za asubuhi.

Nianze na picha hii iliyopo ukutani. Imepigwa kwa sona inayoburutwa nyuma ya chombo cha upimaji, kwa hiyo mnachokiona ni mwangwi wa sauti, si mwanga. Huu mchanga wenye mikunjo ni sakafu ya bahari, na hapa katikati pamelala meli. Tezi, yaani nyuma, ipo; omo, yaani mbele, imevunjika. Jina lake hatulijui, mwaka iliozama hatuujui, na kwenye ramani ya bahari mahali hapa hapakuwa na alama yoyote.

Kila ninapoonyesha picha ya namna hii naulizwa kwanza: hii ni meli gani? Ninaelewa, maana kila meli iliyozama ilikuwa na watu. Lakini nahodha atakayepita usiku wa leo ana swali jingine: juu yake kuna maji kiasi gani?

Tupime. Sona ilikuwa inapita mita 10 juu ya sakafu. Nyuma ya meli pana kivuli, mahali ambapo sauti haikufika. Kutoka kwenye sona hadi ncha ya kivuli cha sitaha ni mita 100, na kivuli chenyewe kina urefu wa mita 60. Zidisha 60 kwa 10, gawanya kwa 100: sitaha imeinuka mita 6 kutoka chini. Kina cha hapa maji yakipwa kabisa ni mita 24, basi juu ya sitaha zinabaki 18. Meli ambayo mkuku wake unafika mita 13 chini ya maji ingepita bila wasiwasi.

Sasa sogeeni mtazame hapa. Mnaona kivuli chembamba kama uzi? Kinaanzia kwenye sitaha na kwenda hadi ukingoni mwa picha bila kukoma. Huo ni mlingoti, bado umesimama. Kitu kinachozidi kimo cha sona, kivuli chake hakina mwisho. Maana yake mlingoti huu umepita mita 10, na juu ya ncha yake maji hayafiki mita 14. Umepita kwa kiasi gani, picha haisemi. Na ile meli ya mita 13, ikienda kasi kwenye maji machache, huketi chini zaidi, na mawimbi nayo huishusha. Ile mita moja ya usalama huliwa yote. Ndiyo maana picha hii peke yake haitoshi kuandika kina kwenye ramani. Tunarudi na sona ya miale mingi, au tunapitisha waya ulionyooshwa kati ya vyombo viwili, tukiushusha na kuupandisha mpaka tujue unakwama wapi na unapita wapi.

Nawaomba mkumbuke mlango-bahari wa Dover, kati ya Uingereza na Ufaransa. Tarehe 11 Januari 1971 meli ya mafuta Texaco Caribbean iligongana na Paracas, ikazama. Kesho yake Brandenburg ikayagonga mabaki yake, nayo ikazama. Yakawekwa maboya na meli ya taa. Tarehe 27 Februari Niki ikaingia mle mle, na hakuna baharia wake hata mmoja aliyetoka hai. Watu 51 walikufa katika ajali hizo. Wakati huo dunia ilikuwa na mifumo ya maboya zaidi ya 30, rangi ya pwani hii ina maana tofauti pwani ile. Msiba huo ndio uliosukuma IALA, jumuiya ya kimataifa ya mamlaka za alama za bahari, kutafuta mfumo mmoja.

Miaka 31 baadaye, si mbali na hapo, ikazama Tricolor. Ilikuwa tarehe 14 Desemba 2002, ikiwa na magari karibu 2,900. Meli yenye upana wa mita 32 ililala ubavu kwenye maji ya mita 30 hivi. Piga hesabu mwenyewe. Siku mbili baadaye Nicola ikaigonga. Tarehe 1 Januari 2003 Vicky nayo ikaigonga, imejaa mafuta. Jina lilijulikana, mahali palijulikana, vyombo vya ulinzi vilikuwapo, na bado. Kutokana na hayo, mwaka 2006 likaja boya la dharura: mistari ya wima ya bluu na njano, na taa inayopokezana rangi hizo. Mkiliona, kaeni mbali nalo kabisa. Haliwaambii upande gani ni salama.

Sisemi jina halina kazi. Meli ya Richard Montgomery, iliyokwama mwaka 1944 karibu na Sheerness, Uingereza, inajulikana kuwa na tani 1,400 hivi za milipuko, ndiyo sababu hakuna anayeruhusiwa kuikaribia bila kibali. Tena Mkataba wa Nairobi wa mwaka 2007 unamtwika mwenye meli gharama za kutafuta mabaki, kuyawekea alama na kuyaondoa. Bila jina, utamdai nani? Basi wapiga mbizi hutafuta kengele, kibati cha mtengenezaji, huhesabu matanuri ya mvuke na mapanga ya rafadha. Kazi hiyo inaweza kuchukua miaka, na ichukue. Boya lisisubiri.

Ninachowaomba ni taarifa. Ukigusa kitu, au wavu ukikwama pasipo na mwamba, andika saa, mahali, na kama maji yanajaa au yanakupwa, kisha uite kituo cha pwani kwa redio. Ninajua kwa nini watu hunyamaza. Nahodha anaogopa uchunguzi, mvuvi anaogopa kufungiwa eneo lake.

Meli hii ya ukutani tuliipata kwa sababu ya mvuvi aliyepoteza wavu wake, akaja na saa aliyoiandika kwa kalamu kiganjani. Jina la meli hatujalipata hadi leo. Kwenye ramani, pale palipokuwa patupu, sasa pana duara la nukta, na ndani yake namba 11: mita za maji juu yake.