Panya wa kisukari na foleni ya kuingia ubongoni

Shikamooni wazee wangu, na wenzangu habari za jioni. Mliosimama mlangoni, viti vipo huku mbele, sogeeni.

Panya mweupe wa maabara anachomwa streptozotosini, dawa iliyopatikana kwa bakteria wa udongoni, inayoua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Siku chache tu sukari imepanda. Chupa ya maji inaisha, anakojoa mpaka maranda ya kizimba yanalowa chepechepe. Hayo wengi humu tumeyaona nyumbani. Lakini mweke kwenye boksi lenye miale inayohesabu nyendo zake: hazunguki kama wenzake, wala hainuki sana kwa miguu ya nyuma kunusanusa.

Utasema anaumwa, kachoka. Sikatai, na mishipa ya fahamu ya miguuni nayo huharibika. Ila mchome amfetamini, dawa ya kuchangamsha inayomwaga dopamini, kemikali ya kupelekeana habari kati ya seli za ubongo. Panya mzima atazunguka kama kapagawa. Huyu anachangamka kidogo tu. Akirudishiwa insulini, anaanza kuitikia tena.

Kwamba dopamini ndiyo inawasha mwendo, tunamshukuru Arvid Carlsson wa Uswidi. Mwaka 1957 sungura wake waliopewa reserpini, dawa inayomaliza dopamini ubongoni, walilala masikio yameanguka. Akawachoma L-dopa, malighafi ya dopamini, wakainuka.

Sasa, L-dopa hiyo mwili unaitengeneza kwa tirosini, kipande cha protini ya kwenye chakula, na kuingia ubongoni tirosini inapanda gari moja na vipande wenzake: leusini, isoleusini na valini. Mnaijua foleni ya gari la Mbagala saa kumi na mbili jioni? Insulini huwachukua hao watatu ikawapeleka kwenye misuli, kituo kikapumua. Isipokuwepo wanajazana mlangoni, na tirosini hata dirishani haipiti.

Si hilo tu. Juu ya seli za dopamini kuna vibebeo vinavyoirudisha ndani baada ya kazi, na insulini husaidia vikae pale juu. Amfetamini hupitia hivyohivyo. Vikipungua, haina pa kushika.

Mzee wa kiti cha mbele anauliza kama ndiyo maana mama nyumbani hataki kutoka kutembea. Mzee wangu, panya huyu insulini yake imekwisha karibu yote. Wagonjwa wetu wengi wanayo, mwili ndio hauisikii. Kwa panya siwezi kumsemea mama. Mimi ningeanza na kuuliza: asubuhi sukari ilisoma ngapi, na nyayo zinamwaka moto?