Kitufe cha OBS na mawingu ya Meru

Haya, wa kule nyuma mnanisikia? Poa. Asubuhi mmeona wenyewe hapa Arusha, Meru haionekani, wingu tupu, na ule mlima una mita 4,566, haujahama, upo palepale. Ndo mjue tunaongelea nini tukisema aprochi ya GPS, yaani kuileta ndege mpaka ranwei kwa kufuata GPS wakati nje huoni.

Wengi mtaanza na Garmin 430, ile GPS ya kwenye dashibodi ya ndege. Kile kiboksi kinafuata ulichobonyeza, ulichokuwa unakitaka moyoni hakikijui. Kwa hiyo kabla ya kuloadi aprochi soma herufi za uwanja kwanza, HTKJ ni KIA, uwanja wa Kilimanjaro, HTAR ni hapa Arusha. Msicheke jamani, Desemba 2013 Boeing 767 iliyokuwa inaenda KIA si ilitua hapa kwetu? Sisemi ni kosa la GPS, ila ranwei zote mbili ni 09 na 27, yaani zinaelekea mashariki na magharibi vilevile, macho yanadanganya. Aprochi unaitoa kwenye databesi, hauchapi pointi kwa mkono hata siku moja, na databesi ina mzunguko wa siku 28, ikishapitwa msiniletee habari za "ilikuwa sawa jana".

Halafu sindano, ile inayokuonyesha umetoka kiasi gani kushoto au kulia kwa mstari. Ukiwa ndani ya maili 30 za uwanja, sindano ikigonga pembeni uko nje maili 1, ukikaribia fiksi ya mwisho, pointi ya kuanzia kipande cha mwisho cha kwenda ranwei, kama maili 2 hivi kabla, inabana mpaka 0.3, kosa lilelile dogo sasa linaonekana kubwa na wanafunzi wanaanza kuikimbiza kama kuku. Usipoona kimeandika kwamba kiko kwenye aprochi, hushuki. Na zile video za LPV mnazoangalia YouTube, ndege inateremka na GPS mpaka futi 200, ile ni WAAS ya Marekani, mfumo wa satelaiti unaosahihisha GPS, huku haifiki, huku GPS inakupa kushoto na kulia, kushuka ni chati, ile karatasi ya hatua za aprochi, na altimita yako inayokupa kimo, na QNH uliyopewa, yaani presha ya hewa ya kuiseti hiyo altimita.

Sasa hapa ndo pameniumiza mimi mwenyewe. Nikiwa mwanafunzi, nimefunikwa macho nisione nje, nimefika pointi ya misdi, pale ambapo usipoona ranwei unaacha kutua na kupanda tena, sioni ranwei, nikasukuma pawa nikapanda, sindano iko katikati imetulia, nikajisifu kimoyomoyo kweli mimi rubani. Kumbe ukifika pale kiboksi kinaandika SUSP, yaani kimesitisha, kinaacha kuhesabu pointi, kinakunyooshea mstari uleule mbele tu mpaka ubonyeze kitufe cha OBS ndo kiendelee na pointi zinazofuata, na chati ilikuwa inasema geuka. Mwalimu kimyaaa, kaniacha niende, baadaye ndo akauliza taratibu, "Baba, unaenda wapi?"

Angekuwa hajakaa pale na lile wingu la asubuhi hii lipo... Ila msije mkaogopa mkaanza na kitufe, hapana. Pawa kwanza, pua juu, flapsi, ukishaona ndege inapanda ndo kidole kiende OBS, halafu uangalie mstari umegeuka kweli kama chati inavyosema. Haya, yule dada amenyoosha mkono muda mrefu, uliza.