Tatoo, Chale na Valvu ya Moyo: Mhadhara kwa Vijana na Wazazi wa Lubumbashi

Bamama, bapapa, Padri na walimu mliotupa ukumbi huu, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma karibu na mlango: jambo yenu wote.

Niliombwa nizungumzie tatoo na ugonjwa wa moyo. Mama mmoja alipoona tangazo pale nje aliniambia, "Docta, uwakataze tu, yaishe." Mama, hayataisha. Kijana aliyekatazwa bila kuelezwa ataenda kuchorwa Jumamosi usiku kwa rafiki yake, kisha atavaa shati la mikono mirefu, na akishikwa na homa hatasema kitu. Mimi nimekuja hapa kwa ajili ya homa hiyo.

Kwanza tuondoe lawama. Kuuchora mwili hatukuanza jana, wala hatukufundishwa na televisheni. Bibi zetu wa Kiluba na wa Kitabwa walikuwa na michoro tumboni, mgongoni, hata usoni, na ilikuwa heshima. Mpaka leo humu mjini kwetu, komini ya Kenya, Katuba, Ruashi, mtoto akiugua anachanjwa kwa wembe na kupakwa dawa. Kwa hiyo nikisema tatoo leo, jumlisheni na chale za dawa, na nyusi zinazochorwa kwa sindano kule saluni, na vipini vya ulimi na vya kitovu. Moyo haujui kama tundu lile lilitobolewa kwa ajili ya urembo au kwa ajili ya tiba. Unachopokea ni kile kilichopita katika tundu.

Sindano ya tatoo inafanya nini? Ngozi yetu ya juu kabisa hubanduka na kujijenga upya kila wakati. Wino ukiwekwa pale utaondoka baada ya wiki chache. Ndiyo maana mchoraji lazima ashuke chini, milimita moja hadi mbili, kwenye tabaka lenye mishipa midogo ya damu. Mashine inachoma mara nyingi sana kwa dakika, maelfu kwa zile zenye kasi. Mchoro wa ukubwa wa kiganja, basi, ni kidonda chenye milango mingi, na kila mlango unaelekea kwenye damu. Mtu mwenye moyo mzima, vijidudu vichache vikiingia, askari wa mwili huvimaliza kabla hajajua. Watu wengi mno wamechorwa na wako salama, na sitaki mtoke hapa mkidhani kila mwenye tatoo anakufa. Visa vya maambukizi ya moyo baada ya tatoo vilivyoandikwa na madaktari ni vichache. Lakini wale wanaopatwa ni wale wale: watu ambao ndani ya moyo wao kuna mahali palipoharibika.

Hapo ndipo tukae kidogo.

Moyo una valvu nne, milango inayofunguka na kufunga kila pigo. Hapa kwetu, kinachoharibu valvu za watoto na vijana mara nyingi ni koo. Mtoto wa kati ya miaka 5 na 15 anaumwa koo kwa sababu ya kijidudu kiitwacho streptokoki, hatibiwi vizuri, wiki mbili tatu baadaye viungo vinavimba, goti leo, kiwiko kesho, na ndani kwa ndani mwili unaanza kuishambulia valvu yake wenyewe. Viungo vinapona. Valvu inabaki na kovu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 55 duniani wanaishi na ugonjwa huu, na wengi wao wako katika nchi kama yetu. Wapo pia waliozaliwa na tundu la moyo, na waliopasuliwa wakawekewa valvu ya chuma au kitambaa cha kuziba.

Sasa, damu ikipita kwenye valvu yenye kovu haitelezi. Inazunguka, inagonga, na mahali inapogonga panaota utando mdogo wa chembe za damu, kama takataka zinavyonasa kwenye nguzo ya daraja mto ukijaa. Vijidudu vikipita vinajificha humo. Na valvu haina mishipa mingi ya damu ya kwake, hivyo askari wa mwili hawafiki kwa urahisi, na dawa pia haifiki kwa urahisi. Vijidudu vinajenga, vinakula valvu, na vipande vinamegeka na kusafiri hadi kwenye ubongo, figo, wengu. Kijana anaweza kuamka asubuhi mkono na mdomo vya upande mmoja havifanyi kazi. Ugonjwa huu tunauita endokarditi. Mwaka 1885 daktari William Osler aliutolea mihadhara mirefu kule London, na wakati huo aliyeupata alikufa. Leo tuna dawa, ila ni dawa ya kuchomwa kwenye mshipa kwa wiki nne hadi sita, mara nyingi mtu akiwa amelala hospitalini, na wengine wanahitaji upasuaji ambao familia nyingi zilizomo humu haziwezi kuulipia. Mnajua wenyewe inavyokuwa: shamba linauzwa, pikipiki ya baba inauzwa.

Nilimtunza kijana mmoja, mwanafunzi. Alijua tangu utotoni kuwa moyo wake "unapiga kelele", maana daktari alishamwambia mama yake hivyo. Alichorwa jina la marehemu baba yake kwenye bega, na nani angemlaumu kwa hilo? Wiki chache baadaye homa. Wakasema ni palu, yaani malaria, akapewa dawa ya palu. Homa ikapungua, ikarudi. Wakafanya Widal, kile kipimo cha damu cha tifoidi, wakasema ni tifoidi, akapewa antibiotiki kidogo. Ikapungua, ikarudi. Usiku alitoka jasho mpaka shuka ikaloa, nguo zikaanza kumpwaya. Alipofika kwetu alikuwa hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi. Na zile antibiotiki za hapa na pale zilikuwa zimetufichia kijidudu, hata tulipotaka kukiotesha kutoka kwenye damu ili tujue jina lake, hakikuota. Tulitibu kwa kubahatisha. Katika mwendo wote ule, hakuna aliyemuuliza kama amechorwa au amechanjwa karibuni, na yeye hakusema, kwa sababu alimwogopa mjomba wake.

Ndiyo maana nasema nimekuja kwa ajili ya homa. Kijana mwenye ugonjwa wa valvu, au mwenye valvu ya kuwekewa, akipata homa katika wiki zinazofuata kuchorwa, kuchanjwa au kung'olewa jino, aende hospitalini na aseme mambo mawili kabla hajameza chochote: nina ugonjwa wa moyo, na ngozi yangu ilitobolewa au jino langu liling'olewa. Palu ipimwe, ndiyo, palu ipo kweli. Lakini damu ichukuliwe ikaoteshwe kabla ya antibiotiki ya kwanza, na mtu apelekwe kwenye eko ya moyo, ile picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti. Muuguzi akisema "kwanza tujaribu hii siku tatu", mama, mwambie kwa heshima kuwa mtoto ana ugonjwa wa moyo, na umwonyeshe fishi yake, ile kadi yake ya hospitali.

Kuna jambo vijana wananiambia: "Docta, mimi nameza amoksisilini siku ile ya kuchorwa, niko salama." Hapana. Dawa ile tunaitoa kabla ya kazi fulani za meno kwa watu wenye hatari kubwa kabisa, kwa kuwa vijidudu vya mdomoni huisikia. Vijidudu vya ngozini ni vingine. Stafilokoki, ambayo ndiyo hatari kuu hapa, mara nyingi imeshazoea amoksisilini na haiogopi. Hali kadhalika wale wanaochomwa penisilini kila wiki tatu au nne: ile sindano inalinda koo lako lisirudie streptokoki, na msiiache hata mwezi mmoja, lakini haikulindi na sindano chafu ya tatoo. Madaktari wa moyo wa Ulaya, katika mwongozo wao wa 2015 na tena wa 2023, hawakuandika dawa ya kumeza kabla ya tatoo. Waliandika kwamba mgonjwa wa namna hii ashauriwe asichorwe. Uingereza nao, tangu 2008, wanataka mgonjwa aelezwe hatari hiyo waziwazi. Nami nakubaliana nao: mwenye valvu ya kuwekewa, aliyewahi kuugua endokarditi, na aliyezaliwa na moyo unaomfanya midomo iwe ya buluu, asichorwe. Mwenye valvu yenye kovu la streptokoki namshauri vivyo hivyo.

Mwenye tension, yaani shinikizo la damu, peke yake, valvu zake nzima, hayumo katika kundi hili. Dhibiti tension yako kwanza. Hayo yanatosha.

Wanaotumia dawa ya kuzuia damu kuganda, Sintrom au warfarini, wana shida yao nyingine. Watavuja damu, watavimba, na wino hautakaa vizuri. Shida hiyo ni ndogo. Kubwa ni kwamba mchoraji huwaambia, "Acha vidonge siku chache." Valvu ya chuma bila dawa hiyo inaweza kuganda damu juu yake na kuziba, au kipande kikaenda kichwani. Nawasihi, mtu yeyote asiyekuwa daktari wako asikuambie uache Sintrom, awe mchoraji, awe mchungaji. Na mwenye betri ya moyo, kile kifaa cha kuusaidia moyo upige vizuri, iliyowekwa chini ya ngozi kifuani, ngozi ya mahali pale isiguswe na sindano ya mtu: vijidudu vikishika betri na nyaya zake, lazima zote zitolewe.

Kuhusu usafi nitasema machache, maana wengi mnajua habari ya sida, yaani UKIMWI, na hepatiti B, ugonjwa wa ini. Virusi vya hepatiti B vinaweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi, kwenye doa la damu usiloliona. Kupitisha sindano juu ya moto wa kibiriti au kuifuta kwa alkoli si kuisafisha. Vyombo vya hospitali vinapikwa kwa mvuke wenye mgandamizo, nyuzijoto 121, robo saa au zaidi. Sindano ya tatoo itumike mara moja itupwe, na hata hapo wino unabaki. Mwaka 2011 jimboni New York, Marekani, watu 19 walipata maambukizi ya ngozi kutoka kwa mchoraji mmoja. Glavu zake hazikuwa na kosa. Kijidudu kilikuwa ndani ya wino wa kijivu uliokuja umeshachanganywa na maji kiwandani. Wapo huku kwetu wanaochora kwa wino wa printa uliozimuliwa kwa maji ya bomba. Fikirini.

Na ninyi mnaowachanja watoto, nimekaa na waganga wa mizizi na nawaheshimu. Naomba kitu kimoja: mtoto ambaye anachoka haraka, anayepumua kwa shida akicheza, msimchanje kifuani "kutoa ugonjwa wa roho", yaani wa moyo. Huyo ndiye ambaye valvu yake huenda imeharibika, na wembe mmoja uliopita kwa watoto watatu ndio unamletea kile tunachokiogopa. Mleteni asikilizwe moyo kwanza. Kusikiliza kwa kifaa kile cha masikioni hakuchukui dakika tano.

Sasa nijibu maswali mawili yaliyoandikwa kwenye karatasi.

Dada mmoja anaandika kuwa alipasuliwa moyo akiwa mdogo, ana kovu refu katikati ya kifua, anaona haya kuvaa nguo ya shingo wazi, na angependa kulifunika kwa maua. Dada yangu, haja yako naielewa na si ujinga. Lakini katikati ya kifua ndipo ngozi yetu nyeusi inapopenda kuota kovu linalovimba na kukua kupita kidonda chenyewe, na kuchoma sindano juu yake kunaweza kuliamsha. Na kama ndani uliwekewa kitambaa au valvu, jibu langu ni lile la mwanzo: usichorwe. Kipo kitu kingine: hina. Hina halisi, yenye rangi ya kahawia, inapakwa juu ya ngozi bila kutoboa, inakaa wiki moja au mbili, na unaweza kubadilisha maua yako upendavyo. Ikatae hina nyeusi ya saluni, ile inayokauka haraka, kwa sababu mara nyingi wanachanganya humo dawa ya kutia nywele rangi nyeusi, nayo inaunguza ngozi. Na likikuwasha au kukuuma hilo kovu, njoo, zipo sindano na dawa za kulilainisha.

Swali la pili ni la baba mmoja. Mwanawe ana valvu mbovu na ameshachorwa, mwezi uliopita, mkono mzima, je, aifute? Hapana baba, usiifute. Kufuta kwa kemikali au kwa kukwangua ni kufungua kidonda kipya. Ikiwa imepona na hana homa, hatari ya siku zile imeshapungua sana. Mnunulie kipimajoto, akisikia mwili si wake apime asubuhi na jioni, na joto likifika 38 msisubiri. Msimpige. Apelekwe kwa daktari wa meno, maana meno yaliyooza ni mlango ambao haufungwi hata siku moja. Kisha aje kwetu Jumatano asubuhi, aje na fishi yake na jina la dawa zote anazomeza.